Kutoa DNA Kwenye Papai na Kuinakili kwa Shanga: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mara wanafunzi wa baiolojia wanapofika kwenye mada ya jeni, maswali yanayoletwa barazani kwangu hapa Malindi huwa ni yale yale. Je, DNA, ile dutu ya ndani ya seli inayobeba maagizo ya urithi, inaonekana kwa macho? Kwa nini uzi wake mmoja unanakiliwa moja kwa moja ilhali mwenzake unanakiliwa vipande vipande? Je, mabadiliko ya jeni ni ugonjwa? Na ile PCR ambayo kila mtu alilisikia jina lake wakati wa korona, hasa inafanya nini? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, na kwa kuwa anayeuliza leo hakuwapo jana, nimeona heri niyaweke kwa maandishi, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata jikoni kwao bila maabara.

Utaratibu wangu ni kutanguliza mkono na kuchelewesha majina. Mwanafunzi aliyekariri neno polimerasi kabla ya kutunga hata ushanga mmoja hulisahau neno hilo wiki mbili baada ya mtihani. Kwa hiyo nakuomba usiruke hatua, hata kama unadhani nadharia yake unaijua.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa kazi ya kwanza, yaani kutoa DNA, tafuta papai lililoiva, kiasi cha gramu 100 za nyama yake, au nusu ya ndizi mbivu. Miongozo mingi imeandikiwa watu wenye stroberi, kwa sababu tunda hilo lina seti 8 za kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, katika kila seli na hivyo hutoa DNA nyingi. Usihangaike kulitafuta. Ndizi nyingi tunazokula zina seti 3, papai lina seti 2, na yote mawili yanatosha kabisa. Tafuta pia kipande kidogo cha papai bichi, lile lile linalotumika kulainishia nyama ya mshikaki; sababu yake utaiona katika hatua ya 6.

Vitu vingine ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chumvi (hata ile ya mawe ya upande wa Gongoni inafaa, mradi isagwe), kichujio cha chai au kipande cha leso kuukuu iliyo safi, bakuli, uma, gilasi mbili nyembamba na ndefu, kijiti cha mshikaki, na sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Utahitaji barafu pia. Mimi huinunua kwa wauza samaki, kwani wao wanayo muda wote na hawajali ukitaka kidogo.

Kitu kinachowaangusha watu wengi ni spiriti. Inunue duka la dawa na usome lebo: unataka ethanoli au isopropanoli ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi na mara nyingi hutoa ukungu hafifu tu, na sanitaiza ya kupaka mikononi haifai hata kidogo, kwa sababu nyingi zimetiwa kitu cha kuzifanya nzito.

Kwa kazi ya pili na ya tatu, nunua shanga za rangi nne, kiasi cha 60 kwa kila rangi, pamoja na chache nyeusi, uzi mweupe, uzi mweusi, na daftari. Kazi ya nne ina vifaa vyake, nitavitaja nikifika huko.

Maonyo ni mawili. Spiriti hushika moto hata kwa mvuke wake, kwa hiyo jiko la mkaa, la gesi na mshumaa vyote viwe mbali, na usiiweke kwenye friza la nyumbani ikiwa wazi. La pili, hakuna kitu katika kazi hii kinachoonjwa, hata kama kimeanza na papai tamu.

Kazi ya kwanza: kutoa DNA kwenye papai

1. Izike chupa ya spiriti, ikiwa imefungwa vizuri, ndani ya barafu iliyonyunyizwa chumvi. Chumvi huishusha barafu chini ya sifuri. Iache humo angalau nusu saa, nawe uendelee na hatua nyingine. Katika joto letu la Februari spiriti iliyokaa rafuni huwa na nyuzijoto 30 au zaidi, na DNA haijitengi vizuri kwenye spiriti ya moto.

2. Katika bakuli changanya mililita 100 za maji, vijiko 2 vya chai vya sabuni na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Koroga polepole. Ukikoroga kama anayepiga mayai, povu litajaa na litakusumbua mpaka mwisho.

3. Ponda papai kwa uma hadi liwe uji usio na mabonge. Usitumie blenda kwa muda mrefu. Sekunde chache zinatosha, kwa maana visu vyake hukatakata nyuzi za DNA na mwishowe unapata vipande vifupi visivyozungushika kwenye kijiti.

4. Mimina mchanganyiko wa sabuni juu ya uji, geuza taratibu kwa dakika 2, kisha acha utulie dakika 10. Sabuni inayeyusha mafuta yanayounda utando wa seli na utando wa kiini, kama inavyoyeyusha mafuta ya samaki kwenye sahani. Chumvi nayo huzituliza chaji hasi za DNA ili nyuzi ziweze kukaribiana baadaye. Ukitaka, weka bakuli ndani ya maji ya nyuzijoto 55 hadi 60 kwa muda huo huo, kisha lipoze haraka juu ya barafu. Usizidishe dakika 15, na usiuache uji huu mezani hadi kesho: tunda lina vimeng'enya vyake vinavyokata DNA, na joto la Malindi huvipa nguvu.

5. Chuja kwa leso au kichujio, ukiacha maji yadondoke yenyewe. Vuta subira. Ukikamua kwa nguvu, nyuzinyuzi za tunda hupita na kuchafua kazi.

6. Kuna papai bichi dogo na utomvu wake. Likune, likamue, kisha tia matone 10 ya maji yake kwenye ulichochuja na usubiri dakika 5. Ndani yake mna papeini, kimeng'enya kinachovunja protini, na ndicho kinacholainisha mshikaki. DNA katika kiini imezungushwa kwenye protini, nazo zikivunjwa DNA inabaki safi zaidi. Friedrich Miescher, mtu wa kwanza kuitoa dutu hii, alifanya jambo kama hilo kule Tübingen, Ujerumani, mwaka 1869: alichukua usaha wa bandeji za hospitali na kuondoa protini kwa kimeng'enya cha tumbo la nguruwe. Sisi papai linatutosha.

7. Mimina mililita 20 za maji uliyochuja ndani ya gilasi nyembamba. Sasa inamisha gilasi, vuta spiriti baridi kwa sirinji, na uiteremshe polepole ukutani mwa gilasi mpaka ifikie mililita 20 au 30. Spiriti ni nyepesi, itaelea juu kama mafuta juu ya mchuzi. Hatua hii ndiyo ninayoisimamia kuliko zote, kwa sababu niliwahi kuiharibu mwenyewe mbele ya wazazi walioalikwa shuleni: nilikuwa na haraka, nikamimina kutoka juu kwa chupa, tabaka mbili zikachanganyika, na kilichoonekana ni maji yenye ukungu kama ya kuoshea mchele. Mzazi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ndiyo hiyo?" Sikuwa na jibu.

8. Usitikise. Simama utazame mpaka wa tabaka mbili. Baada ya dakika chache utaona kama moshi mweupe unapanda kutoka chini, unashikana, kisha unakuwa nyuzi zenye vipovu vidogo, laini kama kamasi. Ingiza kijiti cha mshikaki mpaka kwenye mpaka huo na ukizungushe upande mmoja tu. Nyuzi zitajisokota juu yake, nawe utazinyanyua zikining'inia.

Hapo ndipo swali la kwanza linapojibika, nalo linataka uaminifu. Ulichokishika si molekuli moja. Molekuli moja ya DNA ina upana wa nanomita 2, yaani sehemu mbili za bilioni za mita, na hata hadubini ya shule haiwezi kuuonyesha ule msokoto wa picha za vitabuni. Ulichoshika ni mamilioni ya nyuzi zilizoshikana, na humo mna RNA (ndugu wa karibu wa DNA), mabaki ya protini na pektini, ile dutu inayogandisha jemu, kwani nayo hujitenga kwenye spiriti. Anayekuambia kwamba kijiti chako kina DNA tupu anakufurahisha tu.

Kazi ya pili: kunakili kwa shanga

Hapa chukua muda. Katika maswali 10 ninayoulizwa, 6 yanatoka kwenye sehemu hii, na karibu yote yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba mwanafunzi hakuzingatia mwelekeo.

DNA ina herufi nne: adenini (A), thimini (T), guanini (G) na sitosini (C). A hukaa na T, G hukaa na C. Chagua rangi kwa kila moja, uziandike juu ya daftari, na usizibadilishe katikati ya kazi.

9. Chukua uzi mweupe, funga fundo kubwa upande wa kushoto, kisha tunga shanga kwa mpangilio huu: ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG. Sikuzibuni herufi hizi. Ndizo 24 za mwanzo za maagizo ya kutengeneza beta-globini, sehemu ya hemoglobini iliyo katika damu yako. Upande wenye fundo tuuite ncha ya 5, na upande usio na fundo ncha ya 3. Majina haya yanatokana na namba za kaboni kwenye sukari ya DNA.

10. Tunga uzi mweupe wa pili, ukiulaza chini ya wa kwanza, kila ushanga ukikutana na mwenzake: TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC. Fundo la uzi huu, yaani ncha yake ya 5, liwe upande wa kulia. Nyuzi mbili za DNA hulala kichwa kwa miguu, kama watoto wawili waliolazwa kitanda kimoja. Mafundo yako yakiwa upande mmoja, simama hapo urekebishe, kwa sababu kila kitakachofuata kitaharibika.

11. Anza kufungua kutoka kushoto, jozi 8 tu kwa mara moja. Kwenye seli kazi hii hufanywa na kimeng'enya kiitwacho helikesi.

12. Sasa leta sheria mbili, uziandike kwa wino mzito. Ya kwanza: uzi mpya hurefuka kwenye ncha ya 3 peke yake, kwa hiyo ukitunga kwa uzi mweusi unaanza na fundo daima na kuongeza shanga upande usio na fundo. Ya pili: polimerasi, kimeng'enya kinachotunga, hakiwezi kuanza patupu. Lazima kwanza kiwekewe praimeri, kipande kifupi cha RNA. Sisi tutatumia ushanga mmoja mweusi.

13. Nakili uzi wa chini kwanza. Weka praimeri kushoto kabisa, kisha endelea kulia. Utaona kwamba kila ukifungua jozi 8 nyingine, unaendelea tu pale ulipoishia, bila kukata uzi.

14. Rudi uzi wa juu. Kwa kuwa uzi mpya lazima ulale kinyume na huu, fundo lake litakuwa kulia, na shanga zitaongezeka kuelekea kushoto, yaani kinyume na upande unaofunguliwa. Ukimaliza zile 8 za kwanza umegonga ukuta. Ukifungua nyingine 8, huna budi kuanza upya kwa praimeri mpya na fundo jipya, urudi nyuma mpaka ukutane na kipande cha kwanza. Kwa shanga 24 utapata vipande 3. Hivyo ndivyo vipande vya Okazaki, vilivyoelezwa na Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani miaka ya 1960. Katika seli zetu kila kimoja kina herufi 100 hadi 200 hivi. Maliza kwa kutoa shanga nyeusi, kuziba mapengo kwa rangi sahihi, na kuunganisha vipande kwa fundo dogo. Anayeunganisha kwenye seli ni ligesi.

Msichana mmoja wa kidato cha nne, baada ya kukata uzi wake mara ya pili katika hatua hii, aliinua uso akasema, "Kumbe hawana njia nyingine." Tangu siku hiyo sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

15. Tazama ulichonacho: molekuli mbili, kila moja ina uzi mweupe mmoja na mweusi mmoja. Matthew Meselson na Franklin Stahl walilithibitisha jambo hili mwaka 1958, ila wao, badala ya uzi mweupe na mweusi, walitumia nitrojeni nzito na nyepesi katika bakteria. Rudia kazi mara moja zaidi kwa uzi mweusi: utapata molekuli 4, mbili zenye uzi mweupe mmoja mmoja na mbili nyeusi tupu. Asiyeamini maneno "nusu ya zamani, nusu mpya" aambiwe azihesabu.

Kasi ya kazi hii kwenye seli ya binadamu ni herufi 50 hivi kwa sekunde. Seti moja ya jeni zetu ina herufi takriban bilioni 3.2, na lau kungekuwa na mahali pamoja tu pa kuanzia, kunakili mara moja kungechukua kama miaka miwili. Ndiyo maana seli huanza mahali maelfu kwa wakati mmoja, ikamaliza kwa saa 8 hivi.

Kazi ya tatu: kubadilisha herufi moja

Polimerasi hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000, kisha hurudi nyuma na kufuta, na baada yake kuna mafundi wengine wa kukagua, hata makosa yanayobaki yakawa kama moja katika kila bilioni. Kosa lililoponyoka ukaguzi wote huo, na likanakiliwa katika mzunguko unaofuata, ndilo tunaloliita mabadiliko ya jeni.

16. Gawanya uzi wako wa juu kwa herufi tatu tatu. Kila tatu ni kodoni, na kila kodoni hutaja asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini: methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki. Ziandike daftarini chini ya herufi zake.

17. Katika GAG ya kwanza, badilisha G ya mwisho iwe A. Unapata GAA, ambayo pia ni asidi ya glutamiki. Herufi imebadilika, protini haikubadilika. Hili peke yake linajibu swali la kama mabadiliko ni ugonjwa.

18. Irudishe G mahali pake, kisha badilisha A ya katikati ya GAG hiyo hiyo iwe T. Sasa ni GTG, yaani valini. Herufi hii moja ndiyo chanzo cha seli mundu: hemoglobini zinashikana zinapokosa oksijeni, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Mtoto aliyerithi kosa hili kwa baba na mama huugua, lakini aliyelirithi kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo limechunguzwa kwa kina na watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989. Ndiyo maana herufi hii haikupotea katika pwani iliyojaa mbu. Angalia usigeuze maneno: malaria haikuilazimisha herufi ibadilike. Ilibadilika kwa bahati, na malaria ikawaacha hai zaidi wale walioibeba.

19. Rudisha uzi wa mwanzo, ongeza mwishoni AAG TCT, kisha ondoa kabisa ile A ya katikati ya GAG ya kwanza, usogeze zinazofuata. Soma tena kwa tatu tatu: baada ya CCT unapata GGG, AGA, AGT, na kuendelea. Asidi amino zote zilizo mbele zimebadilika. Kisha jaribu kuondoa herufi tatu pamoja, GAG nzima, na ulinganishe: inapotea asidi amino moja tu, nyingine zimekaa mahali pake. Fanya hivi mara tatu au nne kwa sehemu tofauti za uzi kabla ya kusoma maelezo yoyote zaidi.

Nyongeza kwa ndugu zetu wanaoshinda baharini: mwanga wa jua wenye miale ya urujuanimno hufunga T mbili zilizo jirani kwenye uzi mmoja, na polimerasi ikifika hapo hukwama au hukosea. Seli za ngozi hukata kipande hicho na kukiziba upya, kila siku, ingawa si kila mara kwa ukamilifu. Mabadiliko ya namna hii hubaki katika ngozi ya aliyepigwa na jua na hayarithiwi na watoto wake.

Kazi ya nne: jeli ya rangi, na jinsi ya kuelewa PCR

20. Yeyusha gramu 2 za bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji. Chukua mililita 100 za maji hayo, tia gramu 1 ya agari ya unga, ile ya kugandishia pudini na faluda, uchemshe hadi maji yawe maangavu. Agari hutokana na mwani mwekundu, ingawa si ule mwani unaolimwa Kibuyuni na Unguja, ambao hutoa dutu ya aina nyingine. Mimina kwenye kopo bapa la plastiki, simamisha ndani yake kitana cha plastiki karibu na ncha moja ili meno yake yaache vishimo, na usubiri igande. Toa kitana, ondoa ukanda mwembamba wa jeli kwenye kila ncha ya kopo, weka hapo karatasi ya alumini, kisha mimina maji ya bikaboneti yaliyobaki mpaka yaifunike jeli kidogo.

21. Changanya rangi za chakula na matone ya gliserini ili zizame, na utie tone dogo la kila rangi kwenye kishimo chake kwa sirinji. Unganisha betri 5 za volti 9 kwa mfululizo, upande hasi ukiwa karibu na vishimo, na usubiri nusu saa hadi saa moja. Molekuli ndogo zitatangulia na kubwa zitabaki nyuma. DNA nayo hukimbilia upande chanya namna hiyo hiyo, kwa kuwa ina chaji hasi. Kamwe usitumie umeme wa ukutani, na usiweke chumvi badala ya bikaboneti, kwa sababu umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hutoa gesi ya klorini.

DNA yako ya papai haitaonekana humo. Haina rangi, na nyuzi zake ni ndefu mno kupenya jeli. Maabara huanza kwa kunakili kipande kifupi wanachokitaka, na hiyo ndiyo PCR, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983. Joto la nyuzijoto 95 hutenganisha nyuzi, likishuka kwenye 55 hivi praimeri mbili hukaa mahali pake, likipanda hadi 72 polimerasi hutunga. Polimerasi hiyo haiivi kwa sababu ilitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Kila mzunguko huzidisha mara mbili: mizunguko 30 ni nakala 1,073,741,824 kwa hesabu, ingawa kwa vitendo huwa pungufu. Siku ukiingia maabara ya kweli, weka tyubu moja yenye maji badala ya DNA. Tyubu hiyo ikitoa mstari kwenye jeli, uchafu umeingia, na matokeo ya siku nzima hayafai.

Mambo yakikwama

Hakuna kitu cheupe kilichotokea: mara nyingi spiriti ni hafifu au haikupoa. Irudishe gilasi yote kwenye barafu kwa dakika 20 kabla ya kukata tamaa. Ukungu umetanda lakini haushikani: ikiwa tabaka zilichanganyika, anza upya kutoka hatua ya 7 kwa maji yaliyobaki; ikiwa blenda ilikata nyuzi, anza na tunda jipya. Umepata donge zito lenye rangi ya papai badala ya nyuzi: hiyo zaidi ni pektini, kwa hiyo chuja tena kwa kitambaa kizito na upunguze tunda. Povu limefunika kila kitu: liondoe kwa kijiko, na uache gilasi itulie kabla ya kutia spiriti.

Uzi wa shanga haulingani mwishoni: usitafute kosa katikati, tazama mafundo kwanza. Jeli haigandi: agari ni kidogo au haikuchemka vya kutosha. Rangi zinarudi nyuma badala ya kwenda mbele: umegeuza betri. Rangi hazisogei na hakuna vipovu kwenye alumini: umeme haupiti, kagua kila muungano wa betri.

Nyuzi ulizozitoa zitaganda na kukauka zikiachwa kwenye kijiti. Ukitaka kumwonyesha mtu kesho, zitelezeshe ndani ya kichupa chenye spiriti, ukifunge, na ubandike karatasi yenye tarehe na jina la tunda, mahali ambapo mtoto hafiki.